Ala Tupu ya Babu na Watu Wanaokusanya Bastola za Zamani

Usiku ule wa mwaka 1996 tulikuwa ufukweni, karibu na Baraka, tunangoja mtumbwi wa kutuvusha. Bibi yangu alifungua furushi la babu, akatoa kitu, akakitupa ziwani. Haikuwa bunduki. Ilikuwa ala ya bastola, ngozi tupu ya rangi ya kahawia iliyokolea. Tangu nizaliwe sijawahi kuona bastola ndani yake. Babu alitaka kulalamika, lakini bibi alimkata kwa sauti ya chini: "Baba Furaha, ile kitu njo itatuuwa. Wakiikuta, watauliza bastola iko wapi. Utawaambia nini?" Babu akanyamaza. Sisi watoto tuliambiwa tusiseme kitu.

Bibi alisema kweli. Siku zile kila kizuizi cha barabarani kilikuwa na vijana wenye silaha, na mtu aliyekutwa na kofia ya jeshi, mkanda wa jeshi, hata kiatu cha jeshi, alikuwa na maneno mengi ya kujibu kabla hajapigwa. Ala bila bastola ni mbaya zaidi, maana unaulizwa kitu ambacho huna.

Ile ala ilikuwa na historia yake. Babu alikuwa askari dereva wa ofisa mmoja Mbelgiji katika Force Publique, jeshi la koloni. Mwezi wa saba mwaka 1960, askari walipowaasi maofisa wao, yule ofisa aliondoka haraka na bastola yake mfukoni. Ala akaiacha kwenye kiti cha gari. Babu akaichukua. Kwa miaka thelathini na sita aliitumia kama mkoba: ndani alitia kitabu chake cha uaskari, karata ya ubatizo na risiti za kodi. Ule usiku hakuna aliyekumbuka karatasi. Zilizama pamoja na ngozi.

Miaka mingi baadaye, hapa Nyarugusu, nilikuwa kwenye kompyuta natafuta mambo mengine kabisa. Nikakuta picha ya ala inayofanana na ile ya babu: mfuniko wa kuanguka mbele, mfuko mdogo wa pembeni wa magazini ya akiba, na mihuri ya mtengenezaji nyuma. Ilikuwa inauzwa. Bei yake ingelipa karo ya wadogo zangu wawili kwa mwaka mzima. Nilikaa pale mpaka muda wangu ukaisha. Kitu ambacho kwetu kilikuwa hukumu ya kifo, kwa mtu mwingine ni hazina ya kuwekwa kwenye kabati la kioo!

Tangu siku hiyo nilianza kusoma habari za watu hawa wanaokusanya bastola za zamani na vifaa vyake vya asili. Najua wapo watakaouliza, kwa nini kuandika habari za bastola kwenye jarida la kambi, mahali ambapo silaha hairuhusiwi na hakuna anayeitamani? Nami nimeona nyumba ikichomwa. Sisifu silaha hapa. Nataka kusema kitu nilichojifunza kwa wakusanyaji hao, ambacho kinatuhusu sisi kuliko wao.

Kwanza tuelewane ni bastola zipi. Kabla ya miaka ya 1890, bastola nyingi zilikuwa za silinda, ile inayozunguka na kubeba risasi tano au sita. Halafu mafundi wakapata njia ya kutumia nguvu ya mlipuko wenyewe. Risasi ikitoka, nguvu ile ile inarudisha chuma nyuma, inatupa ganda, na kuingiza risasi nyingine kutoka kwenye magazini. Mtu anafyatua mara moja kwa kila risasi, lakini kujaza kunafanywa na bastola yenyewe. Hizo za mwanzo, za kati ya 1893 na vita kuu ya pili, ndizo zinazotafutwa sana.

Ya kwanza kuuzwa kwa mafanikio ilibuniwa na Hugo Borchardt mwaka 1893, ikatengenezwa Berlin. Zilitoka kiasi cha 3,000 tu. Ilikuwa kubwa na nzito, na watengenezaji walijua hivyo. Ndiyo maana waliiuza na kitako cha mbao cha kufunga nyuma, mtu aweze kuishika begani kama bunduki fupi. Ndani ya sanduku kulikuwa pia na ala ya ngozi, magazini za akiba na vifaa vya kufungulia na kusafishia. Leo mwenye bastola peke yake ana kitu adimu. Mwenye sanduku kamili, hata kile kifaa kidogo cha kufungulia, ana kitu ambacho wengine watakitafuta maisha yao yote wasikipate.

Halafu ikaja Mauser ya mwaka 1896. Mpini wake ni wa duara, ndiyo maana Waingereza waliuita mpini wa ufagio. Kitako chake cha mbao kimechimbwa ndani, bastola inalala humo, kwa hiyo kitako ndicho ala yenyewe. Winston Churchill, akiwa ofisa kijana, alikuwa nayo kwenye mapigano ya Omdurman mwaka 1898. Ndugu zetu wa Sudan wanajua siku ile ilivyokuwa: maelfu ya watu wao walikufa mbele ya mizinga na bunduki za kisasa, na upande wa pili walianguka wachache tu.

Baada yake ni Luger. Georg Luger alichukua kazi ya Borchardt akaipunguza na kuinyoosha. Uswisi waliichukua mwaka 1900, jeshi la wanamaji la Ujerumani mwaka 1904, na jeshi la nchi kavu mwaka 1908. Hapa ndipo nilipoanza kuwaelewa wakusanyaji. Kwenye Luger ya jeshi, namba kamili imegongwa kwenye mwili wa bastola, na tarakimu mbili za mwisho zimegongwa tena kwenye vipande vidogo vidogo. Ala yake ina mfuko wa magazini ya pili, na chini ya mfuniko kuna kifuko cha kifaa kidogo cha kujazia magazini na kufungulia skrubu. Ngozi ina muhuri wa mtengenezaji na mwaka.

Mkusanyaji akishika bastola hiyo, hatazami kwanza kama inapiga. Anavaa miwani, anasoma namba moja moja. Zikilingana zote, anajua vipande hivi vilitoka kiwandani pamoja, vikaenda vitani pamoja, vikarudi pamoja. Kimoja kikiwa na namba nyingine, thamani inashuka, maana mahali fulani njiani kitu kilivunjika kikabadilishwa. Na anayeipaka rangi upya ili ing'ae ameiharibu. Mikwaruzo ile ndiyo ushahidi kwamba bastola ni yenyewe.

Kwenye magari pia tunasema hivyo: "Injini ni yake?" Fundi yeyote wa pikipiki hapa kambini anaelewa swali hilo.

Lakini namba peke yake haitoshi. Kinachopandisha bei kuliko vyote ni habari iliyothibitishwa: nani aliishika, wapi, lini, na karatasi gani zinasema hivyo. Mfano mkubwa hata si wa bastola ya kujijaza. Mwaka 2021 huko Marekani iliuzwa bastola ya silinda, Colt, ambayo Pat Garrett alimuulia Billy the Kid mwaka 1881. Ilipita dola milioni 6. Colt za aina ile zilitengenezwa kwa wingi sana, na chuma chake si cha dhahabu. Walichonunua ni habari yake, iliyopokezanwa mkono kwa mkono pamoja na karatasi.

Na palipo na faida, uongo hauko mbali. Ubelgiji ilipovamiwa na Wajerumani mwezi wa tano mwaka 1940, kiwanda cha silaha cha Herstal kiliendelea kutengeneza bastola chini ya wavamizi, na bastola zile ziligongwa alama ya tai ya jeshi lao. Alama ile ile iliyowatisha watu wa Liège wakati ule, leo inaongeza bei. Kwa hiyo wako mafundi wajanja wanaogonga tai kwenye bastola ambazo hazikuwahi kupita mkononi mwa Mjerumani. Wanatengeneza na ala za uongo, wanaziloweka na kuzikausha juani zionekane kuukuu. Mkusanyaji mzuri anajifunza kumkagua hata rafiki yake.

Sasa tufike Herstal, maana ndipo ilikotoka bastola ninayotaka kuizungumzia.

Herstal ni mji mdogo pembeni mwa Liège, nchi ya Ubelgiji. Kiwanda chake, Fabrique Nationale, wengi wanakiita FN, kilianzishwa mwaka 1889 ili kutengeneza bunduki 150,000 za Mauser kwa ajili ya serikali ya Ubelgiji. Baadaye kilimpata Mmarekani mmoja mwenye kipaji, John Browning, aliyezaliwa Utah mwaka 1855. Browning alibuni, FN ikatengeneza. Bastola yao ya mwaka 1900 ilikuwa ndogo, bapa, ya kuingia mfukoni, na zilitengenezwa zaidi ya 700,000. Tarehe 26 mwezi wa kumi mwaka 1909, katika kituo cha treni cha Harbin, Mkorea An Jung-geun alitumia mojawapo kumuua Itō Hirobumi, mkubwa wa Kijapani aliyekuwa ameitawala Korea. Kwa Kifaransa jina la Browning likawa jina la bastola yenyewe. Browning alifariki mwaka 1926 huko huko Liège, akiwa kazini.

Liège pia kuna ofisi ya serikali ya kupima silaha. Mtutu unajaribiwa kwa risasi kali kuliko kawaida. Ukistahimili, unagongwa muhuri: taji, na chini yake herufi ELG ndani ya duara refu. Mkusanyaji akiona ELG anatabasamu. Nchi iliyotutawala Kongo ilikuwa na utaratibu huo kwa kila mtutu wa bastola.

Mwaka 1910 FN ilitoa bastola nyingine ya Browning, laini zaidi. Nne kati ya hizo zilipitia Belgrade zikafika Sarajevo mikononi mwa vijana. Tarehe 28 mwezi wa sita mwaka 1914, Gavrilo Princip, kijana wa miaka kumi na tisa, alimpiga risasi Franz Ferdinand, mrithi wa ufalme wa Austria, pamoja na mke wake Sophie. Bastola inayotajwa ni namba 19074.

Baada ya kesi, silaha zile zilimfikia padri Mjesuiti, Anton Puntigam, aliyewapa marehemu mpakizo wa mwisho. Alitaka kuanzisha makumbusho, lakini alifariki mwaka 1926 kabla hajafanikiwa. Vitu vikabaki kwa Wajesuiti huko Austria, vimetunzwa kimya. Kwa muda wote huo watu waliandika wanavyotaka: wengine walitaja aina nyingine ya bastola, wengine ukubwa mwingine wa risasi. Mwaka 2004 Wajesuiti walizitoa, na leo ziko kwenye makumbusho ya kijeshi ya Vienna, pamoja na gari alimokuwa mrithi na koti lake lenye damu. Miaka tisini ya ubishi ilipata jibu kwa sababu padri mmoja hakutupa kitu, na waliomfuata nao hawakukitupa.

Vita havikuzaliwa na bastola moja. Wafalme walikuwa wamejiandaa zamani. Lakini wiki tano baada ya Sarajevo, Ulaya ilikuwa inawaka, na moto ule ulifika kwetu. Mwaka 1916 Force Publique, jeshi ambalo babu yangu angekuja kulitumikia, lilivuka kutoka Kongo, likachukua Kigoma, halafu Tabora. Wajerumani waliendelea kupigana huku wakirudi nyuma mpaka mwezi wa kumi na moja mwaka 1918, walipoweka silaha chini huko Abercorn, leo Mbala, nchini Zambia.

Nani alibeba mizigo ya vita hivyo? Hapakuwa na barabara za magari, na farasi na punda walikufa kwa ugonjwa wa mbung'o. Walibeba watu. Waafrika mamia ya maelfu walichukuliwa kuwa wapagazi, wengi kwa nguvu, na makumi ya maelfu hawakurudi. Njaa na kuhara viliwaua wengi kuliko risasi. Soko la Kariakoo pale Dar es Salaam linabeba jina lao: ni neno la Kiingereza la kikosi cha wapagazi, likageuzwa na ndimi zetu. Nairobi nako kuna Kariokor.

Vita vilipokwisha, washindi waligawana. Ruanda na Urundi wakapewa Wabelgiji, Tanganyika wakapewa Waingereza. Ule mstari kati ya Burundi na Tanzania, ambao zamani ulikuwa ndani ya koloni moja la Wajerumani, ukawa mpaka kati ya tawala mbili. Ndugu zangu Warundi wa kambi hii, mliouvuka usiku na watoto mgongoni, mnaujua vizuri.

Sasa linganisheni wenyewe. Bastola ya Sarajevo tunaijua namba yake, kiwanda chake, mji ilikopitia, padri aliyeitunza, na chumba ilimo leo. Mpagazi aliyekufa kwa kuhara kwenye njia ya Tabora, wengi wao hatujui hata kijiji chao. Chuma kiliandikwa vizuri kuliko mtu. Wakusanyaji hawana kosa hapo. Wao wanatunza kilichowafikia na maandishi yake, na mpagazi hakuandikwa na wale waliomchukua.

Hili lilinigusa kwa sababu ya jambo lililompata baba yangu. Tulipofika, aliitwa kwenye mahojiano. Afisa mmoja, kijana, hakuwa mtu mbaya, alimwuliza: "Una karatasi yoyote inayoonyesha unatoka wapi?" Baba akasema zimezama. Zimezama wapi? Ndani ya ala ya bastola. Kalamu ya afisa ikasimama. "Kwa hiyo familia yenu mlikuwa na bastola?" Baba alihangaika asubuhi nzima kueleza kwamba haikuwepo bastola, ilikuwepo ngozi tu, na ndani ya ngozi mlikuwa na karata ya ubatizo. Kila alivyoeleza ndivyo alivyozidi kuonekana mwongo. Alitoka pale jasho linamtoka. Ilibidi wazee wawili wa kwetu waje kushuhudia kwamba wanamjua babu, wanaijua ile ala, na hata walikuwa wanamtania nayo: "Dereva bila bastola." Hapo ndipo mambo yalipolegea.

Ushahidi wa wale wazee ndio uliotuokoa. Walijua habari ya kitu kile tangu mwanzo mpaka mwisho, na maneno yao yalilingana. Mkusanyaji angesema namba zimelingana.

Kwa ndugu wanaofanya kazi za misaada na wanasoma jarida hili, nina ombi dogo. Mnapotuuliza karatasi, tuulizeni na vitu. Mama aliyetoka Uvira na ufunguo wa nyumba ambayo haipo tena anaweza kueleza mlango ulikuwa wa mbao gani, nani aliutengeneza, jirani wa kushoto alikuwa nani. Mwongo hawezi kuyaeleza hayo kwa urahisi, na mkweli anayajua bila kufikiri. Tena ukimwuliza mtu habari za ufunguo wake, anazungumza. Ukimwuliza tu tarehe, anatetemeka.

Kwa sisi wenyewe ombi ni kubwa zaidi. Tuna vitu. Nenda zone yoyote utaona: mfuniko wa sufuria ambayo sufuria yake ilibaki Fizi, redio isiyolia, kitenge cha harusi, shoka lenye mpini wa tatu. Watoto waliozaliwa hapa wanaviona kama takataka. Wazee wanaojua habari zake wanatuacha mmoja mmoja. Siku mzee akiondoka, kile kitu kinabaki kama bastola isiyo na namba: chuma tu. Na ole wetu tukianza kupaka rangi upya, kusema babu zetu wote walikuwa machifu na nyumba zetu zote zilikuwa za ghorofa. Habari iliyong'arishwa haina thamani. Tuseme mikwaruzo yake.

Babu alifariki hapa hapa kambini mwaka 2009. Kabla ya hapo nilikaa naye alasiri tatu na daftari, nikamwomba anieleze ile ala. Mwanzoni alicheka: "Mutoto, utaandika habari ya ngozi?" Halafu akaeleza. Mkanda wake ulikuwa na tundu saba, na la nane alilitoboa mwenyewe kwa msumari kwa sababu alikuwa mwembamba kuliko ofisa. Pale pa magazini alitia tumbaku. Kona moja ya chini iling'atwa na mbwa huko Kalemie. Harufu ya mafuta ya bunduki haikuisha kamwe, hata karata yake ya ubatizo ilinukia mafuta hayo. Bibi alikuwa amekaa pembeni anachambua maharage, akasema bila kuinua kichwa: "Na mimi nilikosea. Ningetoa kwanza karatasi."

Babu akamjibu, "Hapana. Ungekawia."

Yote hayo nimeyaandika, na hilo la mwisho pia. Ala yenyewe iko chini ya ziwa, na hakuna mkusanyaji atakayeiona. Lakini habari yake ipo, kurasa nne, na mashahidi wametia sahihi.

Daftari bado lina nafasi. Mwenye kitu chake na habari yake, aje Jumamosi baada ya mgao, chini ya mwembe wa maktaba. Aje na mzee wake. Nitaandika kama atakavyosema, bila kung'arisha.